DBCP: dawa iliyopimwa mapema, majibu yakasomwa kwa kuchelewa

Mkulima wa nyanya akiung'oa mche uliodumaa na kukuta mizizi imejaa vinundu, hahitaji kuuliza ni nani kamtembelea. Ni minyoo fundo. Macho matupu hayawaoni, hukaa udongoni mwaka mzima, na jembe haliwafukuzi. Kwenye migomba, ndugu zao huozesha mizizi mpaka upepo wa kawaida unauangusha mgomba wenye mkungu mzima. Aliyewahi kupoteza shamba kwa namna hiyo ataelewa kwa nini katikati ya miaka ya 1950 wakulima wa Marekani waliipokea kwa furaha dawa iliyoletwa sokoni na kampuni mbili, Dow na Shell. Dow iliiita Fumazone, Shell ikaiita Nemagon. Kemikali iliyokuwa ndani ilikuwa moja, dibromokloropropani, ambayo wengi huifupisha DBCP.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuua minyoo bila kuua mmea. Dawa nyingi za kufukiza udongo ziliua kila kilichopandwa, kwa hiyo zilitumika kabla ya kupanda tu. DBCP ungeweza kuidunga ardhini au kuichanganya na maji ya kumwagilia shamba likiwa na mizabibu, mipichi, minanasi au migomba iliyosimama. Mwaka 1977 peke yake, California ilitumia karibu tani 377, nyingi zikiwa kwenye zabibu na nyanya.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mazungumzo yetu juu ya viuatilifu mara nyingi huishia kwenye swali moja: je, dawa imepimwa? DBCP ilipimwa. Ilipimwa kwa wanyama miaka mingi kabla ya madhara yake kujulikana kwa watu, na ikapimwa uwezo wake wa kuharibu jeni kabla mfanyakazi yeyote hajaambiwa neno. Majibu yalichapishwa kwenye majarida yaliyosomwa na watu wasiokutana, na hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kuyaweka juu ya meza moja.

Jibu la kwanza lilitoka mwaka 1961. Watafiti wa Dow, pamoja na Charles Hine wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliyekuwa akiifanyia Shell utafiti, walichapisha kazi yao kuhusu panya, simbilisi na sungura waliovutishwa mvuke wa dawa hiyo. Ini na figo ziliathirika, lakini kilichojitokeza zaidi ni korodani kusinyaa. Kiwango cha chini kabisa walichojaribu kwa muda mrefu kilikuwa sehemu 5 za DBCP katika kila milioni ya hewa, na hata hapo dalili zilionekana. Wakashauri kazini kiwango kiwe chini ya sehemu 1. Hapakuwa na mnyama aliyejaribiwa kwenye kiwango hicho cha 1. Namba ilikadiriwa kwa kushuka ngazi chache kutoka pale madhara yalipoonekana, nayo ikakaa miaka kana kwamba ilikuwa imethibitishwa. Dawa ikasajiliwa, ikauzwa, na lebo yake haikumwambia mnunuzi chochote kuhusu uzazi wa mwanamume.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili, kwa sababu hata waandishi makini huyachanganya. Korodani kusinyaa ni sumu kuua seli zinazozalisha mbegu za kiume. Ni madhara makubwa, lakini mtu aliyepoteza mbegu hawezi kurithisha jeni iliyoharibika, kwa kuwa hana cha kurithisha. Mabadiliko ya jeni ni habari nyingine: seli inabaki hai, inagawanyika, na kosa lililoingia kwenye DNA yake linaendelea kunakiliwa. Likitokea kwenye seli ya mwili laweza kuwa mwanzo wa saratani. Likitokea kwenye mbegu ya kiume, laweza kufika kwa mtoto. Kujua kwamba dawa inaua mbegu hakukuambii kama inageuza jeni. Kwa hilo unahitaji kipimo chake.

Kipimo hicho kilipata sura yake ya kisasa mwaka 1973, Bruce Ames na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoonyesha njia rahisi ya kutumia bakteria. Walichukua aina za Salmonella zilizopoteza uwezo wa kujitengenezea histidini, kirutubisho ambacho bila hicho haziwezi kukua. Bakteria hao hutandazwa kwa mamilioni kwenye sahani yenye histidini kidogo mno. Karibu wote hukwama. Wachache hupata badiliko la jeni linalowarudishia uwezo waliopoteza, nao huzaana mpaka kila mmoja anakuwa kundi linaloonekana kwa macho. Makundi hayo huhesabiwa. Sahani isiyo na dawa nayo huwa na machache, kwa sababu mabadiliko ya jeni hutokea hata pasipo kuchokozwa. Sahani zenye dawa zikionyesha makundi yanayoongezeka kadiri dozi inavyopanda, dawa hiyo inachokoza DNA.

Jambo lililokipa kipimo hiki uzito ni ini. Bakteria hana ini, na kemikali nyingi hazina ubaya mpaka mwili uzigeuze. Kwa hiyo Ames alichanganya kwenye sahani maji ya ini la panya lililosagwa, yakiwa na vimeng'enya vyake. Tangu hapo kila dawa hupimwa mara mbili, bila ini na kwa ini, kwani majibu mawili yanayotofautiana husimulia jinsi dawa inavyofanya kazi. Kipimo huchukua siku chache, kwa gharama ndogo ikilinganishwa na kufuga panya miaka miwili kusubiri uvimbe.

Mwaka 1975 Herbert Rosenkranz alichapisha matokeo ya DBCP kwenye vipimo vya bakteria. Ilibadilisha jeni. Kichwa cha ripoti yake kiliita dawa hiyo kifukizio kinachotumika sana, maneno ambayo peke yake yalitosha kuwa onyo kwa aliyetaka kuonywa. Miaka miwili kabla, mwaka 1973, watafiti wengine walikuwa wameripoti kwamba DBCP iliyotiwa tumboni ilisababisha saratani ya tumbo kwa aina zote mbili za panya wa maabara, panya wakubwa (rat) na panya wadogo (mouse). Kwa hiyo kufikia 1975 maandishi ya wazi yalikuwa matatu: inasinyaza korodani, inaleta saratani kwa wanyama, inabadilisha jeni za bakteria. Mashambani na viwandani kazi iliendelea vilevile.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka maabara. Huko Lathrop, mji mdogo wa California, kiwanda cha Occidental kilikuwa na idara ndogo ya kuchanganya na kufungasha viuatilifu. Wanaume wa idara hiyo walianza kuzungumza wao kwa wao kuhusu jambo ambalo wanaume hawalisemi kwa urahisi popote duniani: wake zao walikuwa hawashiki mimba. Walipojihesabu, waliona si mmoja wala wawili. Kupitia chama chao cha wafanyakazi, katikati ya mwaka 1977, wachache wao walipeleka manii kupimwa. Majibu yalitisha, na daktari Donald Whorton akaitwa kuchunguza wengine.

Taarifa ya kwanza ya Whorton na wenzake ilitoka katika jarida la Lancet Desemba 1977. Ndani yake kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha ushahidi wote. Wanaume waliokuwa na mbegu chini ya milioni 1 kwa mililita walikuwa wamefanya kazi na dawa hiyo kwa miaka 3 au zaidi. Waliokuwa na zaidi ya milioni 40 hawakuwa wamezidi miezi 3. Mpangilio wa namna hiyo hautokei kwa bahati. Baadaye alipima wanaume 142 kiwandani hapo, 107 waliowahi kuigusa dawa na 35 ambao hawakuigusa. Miongoni mwa walioigusa, asilimia 13.1 hawakuwa na mbegu hata moja, wakati kwa wengine ilikuwa asilimia 2.9. Kiwango cha kati cha mbegu kilikuwa milioni 46 kwa mililita kwa walioigusa na milioni 79 kwa ambao hawakuigusa.

Serikali zikaamka. California ilisimamisha matumizi mwaka huohuo wa 1977. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani iliweka kiwango cha dharura, na mwaka 1978 ikakikaza: sehemu 1 kwa bilioni ya hewa. Linganisha na ushauri wa 1961 wa sehemu 1 kwa milioni. Umeshuka mara elfu moja, na katikati ya namba hizo mbili kuna miaka 17 ya watu waliokuwa wakivuta mvuke. Mwaka 1979 shirika la mazingira la nchi hiyo lilisimamisha matumizi yote isipokuwa kwenye mananasi ya Hawaii, nayo yakaisha mwaka 1985.

Sasa turudi maabara, kwa sababu baada ya 1977 ndipo vipimo vya jeni vilifanywa kwa makini yaliyostahili toka mwanzo, na yaliyopatikana yana somo kwa kila anayesajili viuatilifu leo.

Mwaka 1978 R. W. Biles na wenzake walichunguza DBCP kama ilivyouzwa. Bidhaa ya kiwandani haikuwa DBCP tupu. Ilitiwa kiasi kidogo cha epiklorohidrini ili isiharibike ikiwa ghalani, na ilikuwa na mabaki mengine ya utengenezaji. Walipopima bidhaa hiyo bila ini, ilibadilisha jeni. Walipoitakasa DBCP na kuipima peke yake bila ini, nguvu hiyo ilitoweka. Iliyokuwa ikifanya kazi hiyo ni epiklorohidrini. Mtu mwenye haraka angesema hapo kwamba DBCP haina hatia. Lakini walipoweka maji ya ini, DBCP safi nayo ikaanza kubadilisha jeni. Dumu moja lilikuwa na hatari mbili: moja inashambulia DNA moja kwa moja, nyingine inasubiri mwili uiandae.

Nimeusoma mlolongo huo mara nyingi na kila mara naona jinsi ambavyo ungeweza kupotoka. Angepima mtu DBCP safi bila ini, angeipitisha. Angepima bidhaa ya sokoni bila ini peke yake, angelaumu kihifadhi, kampuni ingebadilisha kihifadhi, na dawa ingerudi shambani ikiwa na cheti. Ilibidi zipimwe zote mbili, kwa njia zote mbili.

Baadaye kemia ya mwili ilieleza kwa nini. Vimeng'enya vya ini huigeuza DBCP kuwa vitu vyenye hasira kuliko yenyewe, mojawapo ikiwa ni bromoakroleini, inayobadilisha jeni kwa nguvu. Kuna njia ya pili pia, na hii inasikitisha zaidi: glutathioni, kinga ambayo mwili hutumia kuzifunga sumu na kuzitoa, inapojiunga na DBCP huzaa kiungo kinachong'ang'ania DNA.

Bakteria ni bakteria, na mwenye kutilia shaka ana haki ya kudai ushahidi wa mnyama. Kuna kipimo kinachoangalia mbegu za kiume zenyewe. Dume hupewa dawa, kisha kila wiki hukutanishwa na majike wapya, na mimba zao huchunguzwa kuhesabu viinitete vilivyokufa mapema. Kiinitete kinachokufa namna hiyo mara nyingi kimebeba kromosomu zilizovunjika kutoka kwa baba, na wiki ambayo vifo vinaongezeka huonyesha mbegu iliumizwa ikiwa katika hatua gani ya kukua. Mwaka 1980 S. Teramoto na wenzake wa Japani waliripoti matokeo ya kipimo hiki. Kwa panya wakubwa dawa ilisababisha vifo hivyo. Kwa panya wadogo haikusababisha. Dawa ileile, kipimo kilekile, wanyama wawili ambao mtu wa kawaida hata hatofautishi majina yao, na majibu yanapingana. Kampuni iliyochagua panya mdogo kwa nia njema kabisa ingewasilisha karatasi safi.

Kwa watu ushahidi ni hafifu zaidi, na inapasa kusemwa hivyo. Mwaka 1979 R. W. Kapp na wenzake waliripoti kwamba wanaume waliofanya kazi na DBCP walikuwa na mbegu nyingi zaidi zilizoonekana kubeba kromosomu Y mbili badala ya moja. Njia ya rangi waliyotumia kuzihesabu baadaye ilitiliwa shaka na wengi. Huko Israeli, G. Potashnik na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo. Baadhi walirudiwa na mbegu, wengine hawakurudiwa kamwe. Miongoni mwa watoto waliozaliwa baada ya baba zao kuathirika, wavulana walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, lakini hawakuona ongezeko la watoto wenye kasoro za kuzaliwa. Wazazi hao walikuwa wachache, na kundi dogo haliwezi kutoa jibu la mwisho. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka DBCP katika kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, kwa msingi wa ushahidi wa wanyama.

Wakati maabara zinasahihisha hesabu zao, madumu yalisafiri. Dow ilisimamisha utengenezaji mwaka 1977 na kutaka dawa iliyokwisha kuuzwa irudishwe. Standard Fruit, kampuni ya ndizi iliyokuwa na mashamba Amerika ya Kati, ilijibu kwamba kutopelekewa mzigo ni kuvunja mkataba, na mzigo ukapelekwa baada ya Standard Fruit kukubali kubeba gharama za madai yatakayotokea. Wafanyakazi wa migomba wa Costa Rica, Nikaragua, Honduras, Ekwado, Ufilipino na Côte d'Ivoire baadaye walikwenda mahakamani kwa maelfu. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba wafanyakazi wa Costa Rica waliweza kushtaki huko, na mlango ukafunguka. Haukuwa mlango wa haki tupu. Mwaka 2009 jaji wa Los Angeles alifuta kesi za Nikaragua baada ya kuona kwamba kulikuwa na ushahidi wa kutengenezwa, ikiwa ni pamoja na watu waliodai kufanya kazi mashamba ambayo hawakuyakanyaga. Hilo linaniuma kwa sababu mbili. Mwongo aliwachafua waliougua kweli. Na waliougua kweli hawakuwa na karatasi: hakuna aliyewapima manii kabla ya kuanza kazi, hakuna daftari lililoandika nani alichanganya dawa, shamba gani, miezi mingapi. Whorton aliweza kuthibitisha kisa cha Lathrop kwa sababu kiwanda kina orodha ya watu na tarehe za ajira. Shamba la ndizi la miaka ya 1970 halikuwa na hata hilo la kutegemewa.

Kwenye udongo DBCP haikai tu. Huzama na maji. Kuanzia 1979 ilipatikana kwenye visima vya bonde la kati la California, eneo la Fresno likiwemo, na kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 0.2 kwa lita. Miji imelazimika kuchuja maji kwa mkaa kwa miongo kadhaa kwa ajili ya dawa ambayo haijamwagwa tena huko.

Leo kipimo cha Ames kina mwongozo wa kimataifa, namba 471 wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, unaodai angalau aina tano za bakteria, kwa ini na bila ini. Kuna miongozo mingine ya kuangalia kromosomu zilizovunjika kwenye seli na kwenye uboho wa panya. Kwa upande huo tumesonga mbele. Pengo ninaloliona ni lilelile alilolionyesha Biles. Kanuni za nchi nyingi hudai vipimo vya jeni kwa kiambato amilifu, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa. Bidhaa iliyochanganywa, yenye vihifadhi, viyeyusho na mabaki ya kiwandani, hupimwa zaidi sumu ya haraka na muwasho wa ngozi na macho. FAO na WHO huweka viwango vya uchafu unaojulikana kuwa hatari kwa baadhi ya dawa, na wana sababu. Mwaka 1976 huko Pakistani, wapulizaji wa malathioni ya kuua mbu waliugua kwa idadi inayokadiriwa kufika 2,800 na 5 wakafa, kwa sababu ya isomalathioni iliyokuwa imejitengeneza ndani ya dawa yenyewe. Haikuwa sumu ya jeni, lakini njia ni ileile: kilichoandikwa kwenye lebo hakikuwa kilichodhuru.

Huku kwetu dawa husajiliwa na mamlaka za viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania na PCPB kwa Kenya, na sehemu kubwa ya ushahidi wa sumu hutoka kwenye jalada la mtengenezaji. Si jambo la aibu, maana kurudia kila kipimo kungegharimu mno. Lakini kuna maswali ambayo ofisa wa usajili anaweza kuyauliza bila maabara yoyote. Dawa iliyopimwa jeni ilikuwa safi kiasi gani, na hii inayoingia bandarini ni safi kiasi gani? Ina kihifadhi gani, na kihifadhi hicho kimepimwa na nani? Kipimo cha wanyama kilifanywa kwa panya yupi, na kwa nini huyo? Watengenezaji wanabadilika, bei zinashuka, dawa ileile inatengenezwa na viwanda vingi vyenye njia tofauti, na kila njia huacha mabaki yake. Jalada la kiwanda cha kwanza haliwezi kuzungumzia dumu la kiwanda cha kumi. Majibu ya maswali hayo yachapishwe mahali ambapo bwana shamba, muuza pembejeo na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaweza kuyasoma, na wanaume wanaochanganya dawa kila siku wapimwe manii kabla ya kuanza kazi na kila mwaka baada ya hapo, kwa siri, na kwa gharama ya mwajiri.